Baiskeli Katika Nchi ya Ngome

Katika mji wa Ronda, ulioko mkoa wa Málaga kusini mwa Hispania, mtu aamkaye mapema akapanda baiskeli yake na kuishika barabara iendayo kaskazini, kisha akawa anaelekea kushoto kila afikapo penye njia panda kubwa, atapita Setenil, na Olvera, na Algodonales, na Zahara, na Grazalema, na kabla ya jua kuchwa, Mwenyezi Mungu akimjaalia afya na miguu yake isimgomee, atakuwa amerudi Ronda alikotoka, amezunguka zaidi ya kilomita 100 bila ya kurudia njia. Mzunguko huu una namna nyingi, kwani wako wauanziao Algodonales, na wako wauendao kinyume, na wako wenye pumzi nyingi wauongezao kwa kupitia Villaluenga na Ubrique. Lakini mimi nitaueleza kwa mpango huu wa kuanzia Ronda, madhali ndio uuwekao mlima mkubwa mahali unapostahiki, yaani baada ya adhuhuri, wakati kiburi cha asubuhi kimekwisha kupungua.

Nchi hii yote ni milima ya mawe ya chokaa, na vijiji vyake vimepakwa chokaa kila ukuta, hata Wahispania wenyewe wakaviita vijiji vyeupe. Mgeni aendaye kwa motokaa hustaajabia weupe huo. Mpanda baiskeli hustaajabia jambo jingine, nalo ni kwamba karibu kila kijiji kimejengwa juu ya kilima au ubavuni mwa jabali, na ngome juu yake, ilhali chini bondeni kuna uwanda, kuna mto na kuna udongo mwema. Sababu yake ni ya kitarikhi. Kwa muda wa karne mbili na nusu, tangu ufalme wa Waislamu wa Granada ulipoasisiwa katika karne ya 13 hata ulipoanguka tarehe 2 Januari 1492, mpaka baina ya ufalme huo na dola ya Castilla ulipita pande hizi, ukisogea mbele na kurudi nyuma kwa kadiri ya nguvu za majeshi, na habari ya mpaka huo imebaki hata leo katika majina ya miji ya jirani kama Jerez de la Frontera na Arcos de la Frontera. Watu waliokaa baina ya maadui hawakuchagua maskani kwa wepesi wa njia; walichagua penye magenge, penye kuona mbali, na penye kumtaabisha ajaye. Taabu hiyo ilikusudiwa farasi na askari wa miguu, lakini baada ya miaka 500 na zaidi ingali inafanya kazi yake sawasawa juu ya mtu wa baiskeli, ambaye hulipa kwa jasho lake kila hesabu iliyopigwa na wajenzi wa ngome.

Yafaa niseme kidogo juu ya chombo chenyewe. Baiskeli tuijuayo wengi wetu, ile ya chuma kizito ibebayo magunia ya mkaa na mikungu ya ndizi, haina gia ila moja, na penye mwinuko mkali mwenyewe hushuka akaisukuma. Baiskeli ya barabara itumikayo katika mizunguko kama huu huwa na uzito wa kilo 7 hadi 9, tairi zake ni nyembamba na zimejazwa upepo hata zikawa ngumu, na usukani wake umekunjwa kuelekea chini ili mpandaji aweze kuinama na kuunyima upepo mahali pa kumshika. Mbele, penye pedeli, kuna magurudumu mawili ya meno, moja kubwa na moja dogo. Nyuma yako 11 au 12 yaliyopangwa kwa ukubwa, na cheni huhamishwa kutoka moja kwenda jingine kwa kubonyeza kwa kidole tu. Gia haimwongezei mtu nguvu hata chembe. Kazi yake ni kumwezesha kuigawa nguvu aliyo nayo, azungushe miguu mara nyingi kwa wepesi badala ya mara chache kwa uzito, na mwenye kulifahamu hilo hufika juu ya mlima akiwa bado anaweza kuzungumza na mwenziwe. Katika tambarare adui ni upepo, maana mwendo ukifika kilomita 30 kwa saa sehemu kubwa ya jasho lote hutumika kuipasua hewa, na ndiyo sababu wapandaji hufuatana kwa karibu, mmoja nyuma ya gurudumu la mwenziwe, wakipokezana zamu ya mbele. Mlimani upepo huwa mdogo, na hesabu hubaki baina ya mtu na uzani wake.

Kutoka Ronda hadi Setenil njia hupita katika mashamba ya ngano na mizeituni, ikipanda kidogo na kushuka kidogo. Setenil de las Bodegas ni kijiji chenye shani, kwani sehemu yake kubwa haikai juu bali imejificha katika korongo lililochimbwa na mto Trejo, na nyumba zimesukumwa chini ya mwamba uliotokeza, hata mwamba wenyewe ukawa dari na paa, na mwenye nyumba hakuwa na haja ya kujenga ila ukuta wa mbele. Mitaa miwili hutazamana ng'ambo za mto, mmoja ukaitwa Mapango ya Jua na wa pili Mapango ya Kivuli, na apitaye saa sita za mchana haulizi kwa nini. Ngome nayo ilikuwapo, juu ya jabali, na haikuwa ya mchezo: mwaka wa 1407 jeshi kubwa la Castilla liliizingira likarudi mikono mitupu, na haikutwaliwa ila mwaka wa 1484, baada ya mizinga kuburutwa hadi hapo na kuta kuvunjwa. Mpandaji na atahadhari na mawe yaliyotandazwa mitaani, maana yamesuguliwa na nyayo hata yakawa laini, na umande wa asubuhi ukiyapata huangusha watu.

Kisha njia hufuata bonde hadi Torre Alháquime, kijiji kidogo ambacho asili yake ya Kiarabu haikujificha katika jina, na hapo Olvera huonekana juu kabisa: ngome upande mmoja wa kilele, kanisa la minara miwili upande wa pili, na nyumba nyeupe zimeteremka chini yao. Olvera ilitwaliwa na Mfalme Alfonso wa 11 wa Castilla mwaka wa 1327. Msomaji na aitazame tarehe hiyo pamoja na ile ya Setenil, atambue kwamba kwa muda wa miaka 157 vijiji hivi viwili vilikuwa katika dola mbili zenye uadui, wa huku wakisali kuelekea Makka na wa kule wakipiga kengele, na umbali ulioko baina yao mpanda baiskeli huumaliza kwa muda usiotimia saa moja. Katika vitabu vya tarikhi mtu husoma habari za mpaka akadhani ni jambo la mbali, la ramani na la wafalme. Hapa ni mwendo wa asubuhi, na wakulima wa pande zote mbili bila shaka waliyasikia majogoo ya wenzao.

Olvera ni mahali pa kufungua kinywa kwa mara ya pili. Mikahawani huletwa mkate uliochomwa, ukapakwa nyanya iliyosagwa na mafuta ya zeituni ya pale pale, pamoja na kahawa ya maziwa, na apandaye baiskeli asione haya kuagiza mara mbili. Sukari ambayo mwili huiweka akiba katika misuli na katika ini hutosha kazi ngumu ya saa mbili hivi. Ikiisha kabla ya nyingine kuingia, mtu hupatwa na udhaifu wa ghafula, miguu ikalegea, kichwa kikawa kizito, na wapandaji wa Hispania, ambao jambo hili wanalijua na kuliogopa, hula kabla ya kuona njaa na kunywa kabla ya kuona kiu.

Kando ya mji huu kuna kiroja kimoja ambacho siwezi kukipita. Katika miaka ya 1920, zama za utawala wa Jenerali Primo de Rivera, serikali ilianza kujenga reli ya kutoka Jerez hadi Almargen, ikatoboa milima, ikajenga madaraja marefu ya mawe na vituo vyenye vyumba vya mabwana stesheni. Kisha fedha zikakatika, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, na hapakupita gari la moshi hata moja. Leo kilomita 36 za njia hiyo, kutoka Olvera hadi Puerto Serrano, zimefanywa njia ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli, zenye mahandaki 30, na baadhi ya vituo vimekuwa hoteli na mikahawa. Ni njia tamu, haina miinuko ya kutisha, na hupita chini ya jabali la Zaframagón lenye maskani makubwa ya tumbusi; lakini ni ya udongo na changarawe, na mwenye tairi nyembamba aipishe.

Sehemu iendayo Algodonales ndiyo nisiyoipenda, kwani ni barabara kuu yenye malori, na uzuri wake wote uko mbali, katika milima ya upande wa kushoto ambayo jua limekwisha kuiangaza. Hata hivyo sheria ya Hispania humlinda mpanda baiskeli kuliko sheria za nchi nyingi: dereva atakaye kumpita sharti aache nafasi isiyopungua mita moja na nusu baina yao, na anaruhusiwa kuvuka mstari wa katikati ili kuitimiza, ikiwa hakuna hatari mbele; wapandaji wawili wanaweza kwenda sambamba, nao wametakiwa kuvaa kofia ngumu nje ya miji. Algodonales yenyewe ni mji wa watu warukao angani kwa miavuli kutoka mlima wa Líjar. Mtu hujaza chupa zake za maji kisimani, akaenda zake.

Na hapo ndipo Zahara inapotokea, na hata mtu aliyekwisha kuiona katika picha husimama. Jabali limechomoka peke yake kutoka ardhini, mnara wa ngome uko juu yake, kijiji kimejishikiza ubavuni, na chini kuna ziwa la bwawa la mto Guadalete, lililofanywa mwishoni mwa karne ya 20, ambalo maji yake huwa na rangi ya feruzi. Ngome hii ilikuwa mikononi mwa Castilla, nayo Castilla ilikuwa katika sulhu na Granada, Sultani Abu'l-Hasan Ali alipoleta watu wake mwezi wa Desemba mwaka wa 1481, usiku wa tufani kwa mujibu wa masimulizi, walinzi wakiwa wamejikunyata kwa mvua na baridi. Wakapanda kuta, wakaitwaa, na wakazi wake wakachukuliwa mateka hadi Granada. Ushindi ule mdogo uligharimu dola nzima. Mwezi wa Februari uliofuata Wakastilla walijibu kwa kuuteka mji wa Alhama. Zahara ikarudi kwao mwaka wa 1483, Setenil ikafuata kama tulivyosema, Ronda ikaanguka mwezi wa Mei 1485, na baada ya miaka kumi ya vita utawala wa Kiislamu uliokuwapo Andalusia tangu mwaka wa 711 ukatoweka. Waislamu waliobaki walilazimishwa kubatizwa, na wazao wao wakafukuzwa nchini baina ya miaka ya 1609 na 1614. Atazamaye leo njia ya mawe ipandayo mnarani, akaona jinsi ilivyo nyembamba na genge lilivyo refu, ataelewa kwa nini walinzi walilala: hawakudhani kwamba mwanadamu angeweza.

Kutoka ziwani huanza kupandwa Puerto de las Palomas, kipito cha njiwa, na hapo maneno hupungua. Ni kilomita 13 hivi za barabara nyembamba yenye kona za kujikunja, na katika masafa hayo mtu huinuka karibu mita 800, yaani kila mita 100 za njia humpandisha mita 6 au 7, na mahali pengine zaidi, hata afike kimo kinachopita mita 1,100 juu ya bahari. Baina ya Zahara na Grazalema hakuna kijiji wala duka. Mpandaji wa kawaida hutumia saa moja na zaidi, na desturi ya wenye busara ni kuanza polepole kuliko wanavyotaka, wakishika gia nyepesi tangu kona ya kwanza, kwani mlima huu huwapokea kwa adabu kisha hukaza. Ziwa hubaki chini likipungua ukubwa kila kona, hata likawa kama sahani iliyosahauliwa mezani. Tumbusi wakaao katika magenge ya Garganta Verde, ndege wenye mabawa ya mita mbili na nusu kutoka ncha hadi ncha, huzunguka angani bila ya kupiga bawa, wakipandishwa na hewa iliyopata moto, na mara nyingine huwa chini ya mpandaji badala ya juu yake, jambo ambalo huupa moyo faraja isiyo na sababu.

Mashindano makubwa ya baiskeli ya Hispania, Vuelta, yaliyoanzishwa mwaka wa 1935, mshindi wake wa kwanza akiwa Mbelgiji Gustaaf Deloor, si mageni katika milima ya nchi hii ya Andalusia. Wapandaji wa mashindano hayo huenda mlimani kwa mwendo ambao wengi wetu hatuupati penye tambarare. Miongoni mwa walioibeba fulana yake nyekundu ya ushindi yumo Chris Froome, mshindi wa mwaka wa 2017, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na kufundishwa ujana wake na Mkenya David Kinjah katika vilima vya Kikuyu. Na baada ya miaka mingi alipewa pia ushindi wa mwaka wa 2011, aliyekuwa wa kwanza alipoondolewa katika matokeo. Kwa hiyo akiuliza mtu Afrika ya Mashariki inahusiana nini na milima hii, jibu liko.

Kushuka upande wa pili ni furaha yenye masharti. Jasho la kupanda hupoa ghafula, hivyo mtu huvaa koti jembamba la kuzuia upepo kabla ya kuteremka. Breki hukamatwa kabla ya kona wala si ndani yake, na mguu wa upande wa nje wa kona hushinikiza pedeli iliyo chini ili tairi ishike lami. Wako wapandaji wazuri walioumizwa na mbuzi waliolala njiani.

Grazalema, ambayo hupatikana chini ya mteremko huo, ni mahali panapopata mvua nyingi kuliko karibu pote pengine Hispania: kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, takriban mara mbili ya ile ya Dar es Salaam, na hayo katika jimbo ambalo wageni hulidhania jangwa. Mawingu ya bahari ya Atlantiki, yakija kutoka kusini-magharibi, hayakutani na kizuizi kirefu hadi yafike katika milima hii yenye vilele vinavyopita mita 1,600. Hapo huinuliwa, yakapoa, yakamwaga yote. Lakini mvua ile ni ya masika yao, ya baridi. Julai na Agosti huwa hakuna tone, na joto la mabondeni huweza kupita digrii 40, kwa hiyo wakati mwema wa mzunguko huu ni Aprili na Mei, au Septemba iishapo na Oktoba. Ubichi huo ndio uliouhifadhi mti wa pinsapo, wa jamii ya misonobari, masalio ya zama za kale, usioota kwa asili Hispania ila katika milima michache ya pande hizi, na UNESCO iliitambua nchi hii kuwa hifadhi ya viumbe tangu mwaka wa 1977. Mji wenyewe ulipata utajiri wake kwa mablanketi ya sufi, na umaarufu wake miongoni mwa wanazuoni kwa kitabu cha Mwingereza Julian Pitt-Rivers, kilichochapishwa mwaka wa 1954, alichoeleza humo maisha ya wenyeji, heshima na aibu zao, masengenyo yao na mambo waliyoificha serikali. Kwa adabu akaupa mji jina la uongo, Alcalá, na adabu yake haikufaa kitu, maana kila mtu alijua.

Kutoka hapo hadi Ronda ni kilomita 30 na kitu, za kushuka zaidi kuliko kupanda, na uchovu huzirefusha. Si mbali na njia, upande wa Montejaque, limesimama bwawa lililojengwa katika miaka ya 1920 ili kuzalisha umeme, ukuta mrefu wa kupendeza ulioziba nafasi baina ya magenge mawili, ambao haukuweza kuyashika maji kama ulivyokusudiwa, kwani mawe ya chokaa yana matundu, na mvua yote ile ya Grazalema iliyokwenda huko ilizama katika pango la Hundidero na kutokea ng'ambo ya mlima, katika pango la Gato. Wahandisi walijaribu kuziba, wakachoka.

Mwinuko wa mwisho huingia Ronda, mji ulio juu ya uwanda uliopasuliwa na korongo la mto Guadalevín. Daraja la kwanza la kuunganisha pande hizo mbili kwa juu lilijengwa mwaka wa 1735, likaanguka mwaka wa 1741 na kuua watu wengi. La pili lilianzwa mwaka wa 1759 likamalizika mwaka wa 1793, kimo chake mita 98, na ndilo lililopo. Watu wa pwani yetu wana uhusiano na mji huu pasipo wao kujua, kwani Ibn Abbad al-Rundi, mwanachuoni wa karne ya 14 aliyeandika sherehe mashuhuri ya Hikam za Ibn Ata'illah, alizaliwa hapa, na tarika ya Shadhiliya aliyoitumikia ilifika hadi Ngazija, Unguja na Kilwa. Watalii waletwao kwa mabasi kutoka pwani ya Málaga hujaa darajani, kwa hiyo mpanda baiskeli hushuka akaisukuma baiskeli yake baina yao, amejaa chumvi ya jasho na njaa isiyo na subira, akatafuta mkahawa. Na hapo huambiwa kwa upole kwamba jiko limefungwa, maana chakula cha jioni katika Hispania hakianzi kupikwa hadi saa mbili au saa tatu za usiku, na kwa sasa kuna zeituni tu.